Likizo Yangu Imeshonwa kwenye Aproni za Chekechea

Mpendwa Mshauri, naomba unisomee mpaka mwisho hata kama barua ni ndefu, maana kila ninayemweleza jambo hili anaanza kucheka kabla sijafika katikati, na mimi nacheka naye, halafu akishaondoka nabaki nimeshika tama.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, fundi wa kukata vitambaa kwenye karakana ya kushona sare za shule, mwaka wa kumi na nne sasa, mafundi tuko tisa pamoja na mpiga pasi ambaye sote tunamwita Mzee Pasi, na msimamizi wetu si mtu mbaya, tena anatusalimia mmoja mmoja kila asubuhi, ila ana ugonjwa wa kupenda taratibu alizozibuni mwenyewe. Miaka miwili iliyopita tulikubaliana kwamba anayefanya kazi baada ya muda wa kazi hatalipwa ovataimu, bali atapewa mapumziko ya saa hizohizo siku nyingine, na wengi tulifurahi, maana mtu mwenye watoto au mgonjwa nyumbani wakati mwingine anahitaji mchana mmoja kuliko kitu kingine chochote. Tatizo likawa kuziandika hizo saa. Palikuwa na daftari, lakini lilikuwa linakaa karibu na meza ya pasi na mvuke ukaugeuza wino wake kuwa mawingu, ikawa kila mwisho wa mwezi ni kesi, huyu alibaki, yule aliondoka, fulani alibaki lakini alikuwa anasuka nywele.

Basi msimamizi akaja na dawa yake. Alikuwa na mfuko wa vifungo vyekundu ambavyo havikuwa na kazi, maana sare tunazoshona zinataka vifungo vyeupe na vya buluu tu, akampa kila mmoja wetu kopo la plastiki lenye mfuniko na jina, na tangu siku hiyo ukifanya saa moja ya ziada anapita na mfuko wake anakutumbukizia kifungo kimoja, na ukitaka kupumzika unamrudishia vifungo kwa idadi ya saa unazotaka. Akatuambia, kifungo ndiyo saa yako, kitunze. Na kweli ule mtindo ulituliza ugomvi. Fundi wa suruali anatumia vyake viwiliviwili kila Ijumaa, na Mzee Pasi hajawahi kuwa na zaidi ya vinne, anasema kopo lake linavuja.

Mimi, Mshauri, sikuwahi kutoa hata kimoja. Mwanzo nilisema nani atakata kola nikiondoka, maana kola ikikatwa upande basi shati zima linaangalia pembeni, halafu baadaye nikaanza kupenda tu uzito wa lile kopo, nikilitikisa linanijibu. Halafu binti yangu wa mwisho, anayeishi safari ya siku nzima kutoka hapa, akanipigia simu kwamba ni mjamzito, mimba ya kwanza, nikamwambia usihofu mwanangu, mama yako ana kopo, nikalimwaga mezani nikahesabu, vifungo mia moja sitini na nane, yaani siku ishirini na moja za kazi, nikamwahidi nitakuja kabla hujajifungua na nitakaa mpaka umeweza kumwogesha mtoto mwenyewe.

Sasa sikia kilichotokea. Chekechea moja ilileta oda ya aproni hamsini na tano, kila moja vifungo vitatu mbele, na mwalimu mkuu wao akataka vifungo vyekundu, eti mtoto akijifunza kujifunga akione vizuri anachokishika. Tulicheka sana, kwamba hatimaye vyekundu vimepata kazi. Mfuko wa msimamizi ulikuwa umebaki na vichache ambavyo havifiki ishirini, na huwa anavifungia kwenye droo na ufunguo anatembea nao, kwa hiyo akaagiza mfuko mpya, na muuzaji akasema Jumamosi. Jumamosi ikafika, vifungo havikufika. Msimamizi akatoka saa sita mchana kwenda kumtafuta muuzaji, naye msimamizi simu yake ikawa haipatikani, saa saba tukafunga kazi, wenzangu wakaondoka, na mimi nikiwa navaa viatu ndipo mwalimu mkuu akapiga simu ya karakana kuuliza kama kila kitu kiko tayari, kwa sababu Jumatatu asubuhi watoto wapya wanaingia, na ameshawaambia wazazi wasinunue chochote. Nikamjibu ziko tayari. Sijui kwa nini nilimjibu hivyo. Nikaziangalia aproni hamsini na tano zimekaa kwenye meza, zimepigwa pasi, matundu wazi, nikaliangalia kopo langu.

Mzee Pasi ndiye aliyekuwa amebaki akisubiri pasi zipoe. Akaniambia, "Fundi, hizo ni siku zako za mjukuu." Nikamwambia ni vifungo tu, msimamizi atanirudishia. Basi akakaa kunitungia uzi kwenye sindano, mimi nikashona, mpaka saa kumi na moja jioni tukamaliza, mia moja sitini na tano, kopo likabaki na vitatu.

Jumatatu saa moja mwalimu mkuu akatia saini akazichukua aproni, msimamizi akafika saa mbili akakuta mteja ameshaondoka na furaha yake, naye akafurahi hata hakuuliza, nadhani alidhani muuzaji alileta mzigo yeye akiwa njiani. Mfuko mpya ukaja Jumatano, akautilia saini, labda akidhani ni wa nyongeza, ukawekwa stoo. Nikasema nitamwambia, lakini nikaona kama najisifu, nikangoja siku nzuri, na siku nzuri haikuja, mpaka wiki iliyopita nilipoenda kuomba ruhusa na kopo langu mkononi. Akafungua, akamwaga, akaniambia, "Fundi, hapa pana saa tatu." Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akafuta machozi, halafu akaona mimi sicheki, akaacha. Akasema moyoni ananiamini, lakini akinikubalia bila vifungo kesho watakuja wenzangu wote wanane na makopo matupu na hadithi tamu. Akasema, nipe kitu ninachoweza kuwaonyesha wenzako.

Sina, Mshauri. Mzee Pasi ameapa kunitolea ushahidi, lakini kila mtu anajua sisi wawili tunagawana chai, kwa hiyo akanishauri niingie stoo nichote vyangu mia na sitini na tano kwenye mfuko mpya yaishe. Na mimi, najuta kusema, juzi niliingia. Nikatia mkono mfukoni, nikasikia mtu anakohoa nje, nikatoka mbio nimefumba ngumi, nilipoifumbua palikuwa na vifungo kumi na kimoja. Viko kwenye mfuko wa aproni yangu mpaka leo na nikitembea vinalia, kila mtu ananiuliza mama una sarafu.

Binti yangu amebakiza wiki tano. Mkwe mwenzangu, mama wa mumewe, ameshafungasha kwenda kwake badala yangu, ni mwanamke mwema ila anaongea kama mtu aliye ng'ambo ya mto, mtoto hatapata usingizi. Jana nilianza kumweleza binti habari za vifungo na saa nilizo nazo na nisizo nazo, akanikatiza, akasema, "Mama, usiniambie una saa ngapi. Niambie unakuja lini." Je, nichote vilivyobaki, ninyamaze nipumzike saa zangu tatu, au niondoke bila ruhusa na kazi iende inakotaka kwenda?

Mimi, Fundi wa Kola.

* * *

Fundi wa Kola, mdogo wangu,

Nimecheka, na naomba radhi, lakini nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Sasa nawe nisome mpaka mwisho, maana nina pongezi moja, makaripio mawili na njia ya kutokea, na njia nimeiweka mbele kuliko makaripio kwa sababu wiki tano si nyingi.

Kwanza tuondoe kosa ambalo nyote hapo karakana mnalifanya, wewe, msimamizi na hata Mzee Pasi. Mnaamini kwamba saa zako zilikuwa ndani ya kopo. Hazikuwamo. Binti yako alipokuwa mdogo ulimpeleka kliniki akachomwa sindano ya chanjo, na muuguzi akaandika kwenye kadi. Je, kadi ile ingepotea, chanjo ingetoka mwilini mwa mtoto? Isingetoka. Ungepata usumbufu wa kuthibitisha, basi. Kifungo ni kadi. Saa uliifanya ukiwa umesimama pale na mkasi wako, imekwisha kufanyika, na hakuna sindano wala uzi unaoweza kuifuta. Kwa hiyo hukupoteza saa mia moja sitini na tano. Ulipoteza kumbukumbu yake, na kumbukumbu inaweza kutafutwa.

Tuitafute. Msimamizi amekuambia umpe kitu cha kuwaonyesha wenzako, na hapo sitamlaumu, anayesimamia watu tisa hawezi kutoa likizo kwa kuamini moyoni. Ila kitu chenyewe anacho yeye. Mwambie afungue faili lake atoe karatasi mbili. Ya kwanza ni ile aliyotia saini mwalimu mkuu alipopokea aproni siku ya Jumatatu, hamsini na tano, kila moja na vifungo vyekundu vitatu. Ya pili ni ile aliyotia saini yeye mwenyewe alipopokea mfuko mpya wa vifungo, siku ya Jumatano. Aziweke kando kwa kando halafu ajiulize swali la darasa la tatu: vifungo mia moja sitini na tano vilivyotoka mlangoni Jumatatu vilitoka wapi, kama mfuko ulifika Jumatano? Droo yake ilikuwa na visivyofika ishirini, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Muuzaji hakuleta, karatasi inasema. Yanabaki makopo tisa. Na awaite wenzako, kila mmoja atazame kopo lake aseme kama limepungua. Yatakuwa salama manane, na la tisa litakuwa na vitatu. Akitaka kuhakikisha zaidi aende chekechea awahesabu watoto, watamwonyesha saa zako kwa furaha, kila mmoja atataka kumwonyesha jinsi anavyoweza kujifunga.

Umeona? Huhitaji kiapo cha mtu mnayegawana chai. Wala wenzako hawataweza kuja na makopo matupu na hadithi, kwa sababu hadithi zao hazitakuwa na karatasi mbili.

Pongezi yangu ni hii. Watoto hamsini na watano walianza shule wakiwa wamefungwa vifungo, na mwalimu mmoja hakuaibika mbele ya wazazi. Ulifanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Ulikuwa unaona haya kujisifu, basi nimekusifu mimi, tumemaliza.

Karipio la kwanza ni la vile kumi na kimoja. Vya kopo vilikuwa vyako, vya stoo si vyako, hata kama ni vyekundu vilevile na vina matundu manne vilevile. Ungekuwa umechota mia na sitini na tano kamili kwa hesabu safi kabisa, bado msimamizi angekuwa na haki ya kujiuliza ulichota mara ngapi nyingine, na siku hiyo hata saa zako za kweli zingenuka. Usivirudishe kimyakimya vile vile ulivyovitoa. Ingia ofisini asubuhi, viweke mezani kwake kabla hujasema neno la likizo, umwambie, "Nilivichukua kwa hofu, nimevirudisha." Maneno hayo ni manne tu. Yatakuchoma kidogo, halafu utatembea bila kulia kama toroli. Na Mzee Pasi mwambie nimempenda kwa kutunga uzi, lakini ushauri wa kuchota stoo abaki nao, kazi ya ushauri nina mimi.

Karipio la pili ni kubwa zaidi. Miaka miwili hukutoa hata kimoja. Unasema ni kola. Mdogo wangu, nami nilifundisha hesabu miaka thelathini na moja, na kwa miaka mingi sikuchukua likizo yangu yote kwa sababu niliamini kwamba nisipokuwepo wanafunzi wangu watasahau hata jedwali la mbili. Kisha nikavunjika mguu nikiteremka ngazi za maktaba. Nilikaa nyumbani wiki saba. Niliporudi nikakuta mwalimu mgeni amewafundisha sehemu na desimali, wamefaulu kuliko mwaka uliotangulia, na wameniandalia kadi ya pole ambayo hesabu yake ya siku nilizokosa walikuwa wameipatia sawasawa. Iliniuma kuliko mguu. Lakini tangu siku hiyo nilichukua likizo zangu zote, na hakuna aliyefeli kwa sababu hiyo.

Nakuambia haya kwa sababu mapumziko badala ya malipo ni mpango mzuri kwa anayepumzika tu. Asiyepumzika amefanya kazi bure, hata kama ana kopo zito. Tajiri akikulipa ovataimu, malipo unaondoka nayo. Akikupa saa, saa inabaki kwake mpaka uidai, na kadiri unavyochelewa ndivyo mambo yanavyoweza kuiharibu: msimamizi anahama, taratibu zinabadilika, mvuke unakula daftari, chekechea inataka vifungo. Kwa hiyo mpango huu unataka vitu ambavyo hamnavyo. Unataka kila mmoja akubali mwenyewe kabla ya kubaki kazini, asilazimishwe. Unataka maandishi, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, saini mbili, na nakala moja ikae kwako. Na unataka mwisho, kwamba saa za miezi hii zitapumzikwa kabla ya mwezi fulani, ili mtu asijikusanyie mlima halafu karakana nayo ishindwe kuubeba. Tena nendeni kwenye ofisi ya kazi iliyo karibu nanyi mkaulize sheria ya kwenu inasema nini, maana kuna mahali ambapo saa moja ya ziada hurudishwa kwa zaidi ya saa moja, na ninyi mmekuwa mkipokea kifungo kimoja bila kuuliza.

Daftari, nawaombeni, likae mbali na pasi.

Sasa ufanye hivi. Kesho rudisha vile kumi na kimoja. Palepale omba karatasi mbili zitolewe, na ueleze kama nilivyokueleza, taratibu, bila kupandisha sauti, wewe huna kesi ya kupandishia sauti. Halafu omba ruhusa, na hapa sikiliza vizuri, usiombe saa mia moja sitini na nane. Jumamosi ile kazi ilifungwa saa saba mchana, wewe na Mzee Pasi mkaondoka saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa nne. Barua yako nzima umehesabu vifungo ulivyovishona na hukuhesabu muda ulioutumia kuvishona. Omba mia moja sabini na mbili. Na Mzee Pasi adai nne zake, kutunga uzi kwa saa nne ni kazi, muulize mwenye miwani yeyote.

Tarehe yako ya kuondoka iandikwe siku hiyohiyo ya mazungumzo. Usikubali kuambiwa tutaona. Kuanzia kesho kutwa mweke mwenzako mmoja kwenye meza ya kukatia, labda huyo wa suruali, Ijumaa zake zinaonyesha ni mtu anayejua anachokifanya, umfundishe kola kwa wiki nne. Kola zake mbili za kwanza zitaangalia pembeni. Vumilia. Yako ya kwanza nayo iliangalia pembeni, ila aliyeiona amestaafu.

Usiondoke bila ruhusa, kazi ya miaka kumi na minne haiachwi kwa kutokea dirishani. Lakini kama baada ya karatasi mbili na vifungo kumi na kimoja msimamizi bado atatikisa kichwa, nenda kwa mwenye karakana na karatasi hizohizo, na akikataa naye peleka ofisi ya kazi. Sidhani utafika huko. Mtu aliyecheka mpaka akafuta machozi halafu akaacha alipoona hucheki, huyo anatafuta njia ya kukukubalia, mpe njia.

Mkwe mwenzako usimfukuze. Mwambie binti ampangie aje ukiondoka wewe, mtoto atakuwa ameanza kuzoea dunia na sauti zake.

Na ukishapata tarehe, kabla hujamwambia Mzee Pasi, kabla hujaniandikia mimi, mpigie binti yako. Usimweleze habari za droo, wala za aproni, wala jinsi mshauri alivyoipiga hesabu. Alikuuliza swali moja tu. Mtajie siku, na saa ambayo basi litaingia, aje mtu wa kukupokea mizigo.

Kopo lenyewe nenda nalo, litafaa kuwekea pamba za mtoto. Ila saa utakazokaa umempakata, hizo usizihesabu.